Simu ya Kulaza Prosesa

Mume wangu alikuwa akiangalia seva ya kiwanda cha chai, huku kwetu Rusizi. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo alinieleza polepole, tukiwa mezani. Seva ni mashine moja iliyogawanywa sehemu: moja ya kupima majani ya wakulima, nyingine ya mishahara. Ndani yake kuna prosesa za akiba zilizolala. Majani yakijaa, unaziamsha na kuipa nguvu sehemu ya kupimia. Jioni unaziondoa pale na kuzilaza tena, maana kila siku zinapokuwa macho kiwanda kinalipia.

Jioni za msimu wa majani alinipigia simu. "Maman, bintu ya batu nimesharudisha."

"Mayi iko ku moto," nilimjibu. Vitu vya watu ni zile prosesa; mayi ni maji ya bugali. Hatukuongeza neno.

Alipofariki, kiti chake alikikalia msichana ambaye mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi, mzaliwa wa Bukavu, anayekaa peke yake Kamembe. Mimi nilipewa kazi ya usafi katika ofisi hiyo hiyo. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza. Mashine ikichelewa alikuna shingo kama mume wangu. Akitaka kuipunguzia nguvu sehemu ya mishahara, aliwapigia kwanza wahasibu, kwa utani ule ule wa mume wangu: "Ba patron, muniazime bega moja, litarudi zima." Nilisugua sakafu nikitamani asahau kitu, hata kimoja.

Akasahau. Prosesa zilikaa macho hadi asubuhi. Mkubwa alimwambia akirudia, aende kwao. Nami nilifurahi, sitasema vinginevyo.

Mchana alinijia nikikamua tambara. "Maman, mzee alinifundisha: ukimaliza kuzilaza, piga simu nyumbani. Usipopiga, jua haujamaliza. Lakini kwangu hakuna muntu."

Nilikaa juu ya ndoo. Simu ile niliyoiona kuwa yangu ilikuwa kanuni ya kazi, na huyu aliijua kabla yangu.

"Nilizani ananipigia juu ya kunikumbuka," nilisema.

"Na njaa ilikuwapo, Maman. Saa kumi na moja tu, ameshaanza habari ya samaki zako, zile sambaza."

Nilicheka bila kutaka.

"Nikupigie wewe?"

Sikutaka. Lakini niliona wazi kwamba nikikataa na akasahau tena, atafukuzwa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfukuza. Nikamwambia apige.

Jioni simu ililia. "Maman, bintu ya batu nimesharudisha."

Maneno yale yale, hata pumzi ile fupi kabla ya neno la mwisho. Na sufuria ilikuwa kweli motoni, maji yakianza kuchemka. Alingoja jibu.

"Sawa," nilimjibu.

Lile lingine, la maji motoni, sikumpa.