Kona ya terbium: nilivyoyaona mawimbi ya elektroni hapa Dodoma kwa jiko la umeme

Wakuu, salamu zenu. Hii ni kweli tupu, asiyeamini aje nimwonyeshe grafu.

Nasoma masters ya fizikia hapa Dodoma, nakaa Area D. Research yangu ni fuwele ya elementi mbili, terbium na tellurium, iliyojengeka tabaka juu ya tabaka.

Ikiwa na joto, elektroni zake zimesambaa sawasawa. Ikipoa zinajipanga: hapa zimesongamana, pale chache, mbele zimesongamana tena, kama shamba lililopigwa matuta. Hayo ndiyo mawimbi yenyewe.

Kwa nini terbium? Baadhi ya fuwele za ukoo huu zinataka baridi ya nitrojeni, na sisi hatuna. Hii mawimbi yake yanapotea kwenye nyuzi joto sitini na kitu, chai iliyoanza kupoa hiyo. Jiko dogo la umeme la maabara linatosha.

Tulitumiwa kipande kimoja tu, kama ukucha wa mtoto. Nikikosa jibu, nabadili mada na kuanza upya. Na nilishamwambia mama sikanyagi kijijini kwetu Haneti mpaka nimalize.

Sasa, uso wa fuwele hii ukikaa hewani unafifia, kwa hiyo unabandua tabaka la juu kwa selotepu. Mimi mtu wa usafi, wakuu. Nikabandua, ikang'aa. Nikabandua tena. Na tena.

Dokta, supervisor wangu, akanikuta.

"Wewe! Unasoma fizikia au unamenya kitunguu? Acha!"

Kilichobaki kilikuwa kiduchu. Niliogopa, sifichi.

Nikabandika nyaya kwa rangi yenye madini ya fedha, inayopitisha umeme, nikaanza kupasha. Ukinzani wa umeme ukapanda taratibu, halafu kwenye sitini na kitu, pale mawimbi yanapopotea, mstari wa grafu ukapinda. Kona! Nikaruka.

Dokta akanikata maini. "Hiyo waya imelegea. Acha ipoe tuone."

Ikapoa. Kona ikatokea palepale.

Akavuta stuli akakaa. "Rudia."

Palepale tena. Waya iliyolegea haichagui mahali, wakuu. Dokta akacheka. "Haya, mpigie mama yako."

"Shikamoo mama. Nimeyaona mawimbi!"

"Marahaba. Ya bwawa la Mtera?"

"Hapana mama, ya ndani ya jiwe."

"Sasa unakuja au huji?"

"Nakuja."

Mama alikuwa kwenye mashine ya kusaga unga. Alipiga vigelegele, foleni nzima ikadhani naoa.

Nilichojifunza: matokeo ya ajabu usiyashangilie wala kuyatupa kabla hujayapoza na kuyapasha tena. Na selotepu iwekwe mbali na watu wasafi.

Mliowahi kubandika nyaya kwenye fuwele nyembamba, mwageni mbinu hapa, na wabishi wa kona karibuni.

Nikichelewa kujibu, nipo Haneti nakula ugali na mlenda. Mama hajaelewa jiwe wala wimbi, ila kila anayepita anaambiwa mwanawe amemaliza, amerudi.