Chura Aliyebaki Nyumbani

Wakui Shigenori aliifunga kaseti ndogo ya mchezo wa video kwa kitambaa, akapanda treni hadi Osaka, mtaa wa mafundi wa umeme, na ombi moja: ibadilishwe betri inayotunza kumbukumbu, ila jina lililomo lisipotee.

Mchezo aliubuni mwenyewe, enzi zile akifanya kazi katika kampuni ya michezo ya video. Watoto nchi nzima walimpenda Raizo, shujaa wa upanga katika michezo ya kampuni hiyo, na Gonta, chura wake mbeba mizigo. Wakui akaambiwa amtungie Gonta mchezo wake, wa kuchezea mkononi. Akatunga kioja: Raizo kaenda safari, chura kabaki nyumbani. Anafagia, anachemsha chai, anasubiri. Hakuna adui. Kwa Kijapani chura na kurudi ni neno moja, kaeru, na mtu hutia kachura ka udongo mkobani ili alichotoa kimrudie. Wakui aliona amepata. Watoto waliona wameibiwa. Kampuni ikamhamishia meza ya dirishani, mahali pa mtu asiyefukuzwa wala kupewa kazi, naye kwa aibu akazidi kuchelewa kurudi nyumbani, eti ana shughuli.

Aliyeucheza ni mkewe, Sumie. Mwanzoni chura huuliza: Unamsubiri nani? Mchezaji huandika jina. Sumie alipofariki, baada ya mazishi Wakui aliuwasha, akakuta Sumie ameandika Shigenori, na ua wa chura umefagiwa hadi unang'aa. Akauzima upesi, asije akalifuta jina kwa bahati mbaya. Kaseti akaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya marehemu, na kila asubuhi akampelekea wali palepale, ukiwa wa moto kama inavyopasa.

Fundi alikuwa Hatsumi, mwanamke asiyemwacha mteja bila utani. Aliifungua kaseti, akainusa.

"Mzee, hii uliicheza au uliipika?"

Ndani mlikuwa na kutu ya kijani. Akauliza ilikaa wapi. Wakui akamweleza, madhabahu na wali na yote. Hatsumi akaweka bisibisi chini. Utani ukamwisha. Kwa sauti ya chini akasema ni mvuke wa wali, umeingia kidogo kidogo, na betri imekufa zamani.

"Kwa hiyo jina halimo, dada?"

"Limekwenda, mzee wangu. Niwie radhi."

Hata hivyo alitia betri mpya, akaichomeka kaseti kwenye kifaa cha kuchezea. Kioo kikawaka, chura akainamisha kichwa: Unamsubiri nani? Hatsumi akamsogezea, akamwambia aandike mwenyewe, si jina ni lilelile?

Wakui alivitazama vile vitufe.

"Ni lilelile," alisema. "Lakini mimi sikuwa nikijisubiri."

Akauzima, akaifunga kaseti kitambaani, akashukuru kwa kuinama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi iliyofuata alipakua wali, akauacha mezani mpaka ukapoa kabisa, usibaki hata mvuke wa kuidhuru kaseti, ndipo akaupeleka mbele ya picha. Sumie hakuwahi kupenda wali wa baridi. Alikuwa ameula miaka mingi, usiku baada ya usiku, akimngoja yeye.