Neno "Bubu" Lilipofikishwa Mahakamani

Siku yangu ya kwanza kazini niliagizwa kutamka tusi mbele ya watu wazima, nikashindwa. Ilikuwa mahakama ya mwanzo, Bukene. Nilikuwa binti wa Isevya, Tabora mjini, mtoto wa fundi cherehani, nimelelewa katika nyumba ambayo hata neno "mjinga" lilikuwa linasemwa kwa kunong'ona. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa Nzega, na ni Kinyamwezi chake kilichonipatia kazi, kwa kuwa mahakama ilitaka karani anayeweza pia kufanya ukalimani.

Lugha ya mahakama ya mwanzo ni Kiswahili. Lakini mtu anayetoka ndani vijijini, hasa akiwa na hasira, hurudi kwenye lugha ya nyumbani kwake. Mkalimani husimama kati yake na hakimu, akapitisha maneno bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Kabla ya kuanza huapishwa kama anavyoapishwa shahidi.

Asubuhi ile walikuwepo majirani wawili waliogombana kisimani. Mmoja alishtakiwa kwa lugha ya matusi. Shahidi, mama mtu mzima, akayarudia maneno yenyewe kwa Kinyamwezi, yote, bila kupepesa macho. Mimi nikavuta ushungi mbele.

"Karani, shahidi amesema nini?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, amesema mshtakiwa alimtukana jirani yake."

"Hayo ni maneno yako. Nataka ya mshtakiwa."

Nikayasema nikiangalia sakafu. Hakuna aliyecheka. Baada ya kikao hakimu yule, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, aliniita ofisini kwake. "Binti," akasema, "humu ndani tusi ni kielelezo, sawasawa na panga. Ukiniletea panga limefungwa kitambaa, nitajuaje kama lina makali?"

Kielelezo ni kitu kinachotolewa mahakamani kuthibitisha jambo. Tangu siku hiyo sikufunga tusi lolote kitambaa. Nimeyatamka kwa Kiswahili safi, mikono nyuma, kama msomaji wa taarifa ya habari. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mwanamke mwenye matusi mengi kuliko wote Tabora, na yote ni ya watu wengine.

Kutoka Bukene nilihamishiwa Kigwa. Huko ndiko nilikoanza kuona kwamba kuna matusi ambayo si matusi. Maneno ya aibu za mwili yanajulikana; mtu akiyasema kila mmoja anageuza uso. Lakini fundi mwashi mmoja alimshtaki mteja wake kwa kumwita mkimbizi. Wazazi wake walikuwa wametoka Burundi.

"Mimi sijakimbia popote," alisema. "Nimezaliwa hapa nyuma ya reli."

Hakimu wa Kigwa alikuwa mtu wa sheria tupu. Alisema neno mkimbizi limo kwenye sheria za nchi, haliwezi kuwa tusi, akalifuta shauri. Yule fundi aliinama, akatoka. Nilishika jalada lililofuata na kuita majina mlangoni. Kazi yangu haikuwa kutoa maoni.

Goweko nilifika nikiwa mama wa watoto watatu. Hakimu wa huko alikuwa kijana mdogo kwangu, mpole, mwenye kuandika polepole. Alinisalimia shikamoo kila asubuhi kabla ya kuvaa uhakimu wake. Baada ya hapo mimi nikawa karani na yeye Mheshimiwa. Pamoja naye waliketi washauri wa mahakama, yaani raia wawili watu wazima wanaosikiliza shauri na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Walikuwa Mzee Idd, mfanyabiashara wa nguo, na Mama Esta, mkulima na mzee wa kanisa la Moravian.

Goweko ni nchi ya tumbaku, na ugomvi wake mwingi huja msimu wa masoko. Siku hizo wakulima hupeleka mitumba yao, yaani marobota ya tumbaku, kwenye ghala la chama cha ushirika, na mteuzi, mtu anayepanga tumbaku kwa madaraja, akaamua ipi nzuri na ipi hafifu. Mzee Maganga tumbaku yake iliwekwa daraja la chini. Akamfuata Katibu wa chama kumuuliza sababu. Katibu aliendelea na kazi yake bila kuinua kichwa. Maganga akauliza tena. Mara ya tatu akapaza sauti mbele ya wanachama: "Nakuuliza, wewe bubu?"

Pakazuka vurugu. Walipoachanishwa, Katibu alikuwa amepasuka mdomo. Akamshtaki Maganga kwa makosa mawili, lugha ya matusi na shambulio, akidai Maganga ndiye aliyeanza kupiga. Maganga alikana. Alisema yeye ndiye aliyepigwa kofi kwanza, na mdomo wa Katibu ulipasuka wakati wanaangukia mitumba.

Wanachama walioitwa kutoa ushahidi walisema walikuwa wamegeukia upande mwingine. Msimu ulikuwa haujaisha, na Katibu ndiye anayeita majina ya wanaopimiwa tumbaku. Kwa hiyo ilionekana wazi kwamba Mzee Maganga, mtu wa miaka sitini na kitu, huenda akalala gerezani. Mkewe alikuwa anakuja kila kikao na blanketi ndani ya mfuko, kwa tahadhari.

Siku ya utetezi Maganga alisema ana shahidi mmoja, Kalunde, mchambuzi wa majani ya tumbaku pale ghalani. Niliita jina hilo mlangoni mara mbili, watu wakatazamana. Ndipo akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, kashikwa mkono na mdogo wake, Nyamizi. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi: kumbe bubu anaitwa Kalunde.

Kalunde alikuwa hasikii tangu utoto. Alisoma madarasa machache katika shule ya viziwi, na wakati wa likizo alimfundisha mdogo wake lugha ya alama. Hakimu alitueleza utaratibu: Kalunde aseme kwa mikono, Nyamizi amfasirie kwa Kinyamwezi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, na mimi niyapeleke maneno hayo kwa hakimu kwa Kiswahili. Nikawaapisha wote wawili.

Katibu akasimama. "Mheshimiwa, napinga. Bubu anatoaje ushahidi?"

"Sheria inaruhusu shahidi asiyesema kujieleza kwa alama," hakimu akajibu. Kisha akaweka kalamu chini. "Ila, mlalamikaji, nisaidie. Kwenye shtaka lako umesema neno hilo ni tusi. Tena ulisema ni afadhali ungepigwa kofi. Sasa unamwita shahidi kwa neno hilohilo?"

Katibu alionekana kushangaa kwa dhati. "Kwake si tusi, Mheshimiwa. Yeye ni bubu kweli."

Watu wengi kwenye mabenchi waliitikia kwa vichwa. Nakiri jibu lilikuwa na mantiki ya namna yake, na sijui mwingine angejibu nini.

"Karani," hakimu akasema, "muulize shahidi kama anajua kesi hii inahusu nini."

Nikamwambia Nyamizi kwa Kinyamwezi: mwambie Mzee Maganga ameshtakiwa kwa sababu alimwita Katibu bubu, na Katibu anasema kuitwa hivyo ni kufanywa si mtu. Nyamizi alianza vizuri. Akamwonyesha Maganga, akamwonyesha Katibu, akaonyesha mtu anayepaza sauti. Alipofika kwenye lile neno, mikono ikasimama. Alinitazama. Nikalirudia, nikidhani hakusikia. Alikuwa amesikia. Ila kati yao wawili neno lile halikuwa na alama yake. Hatimaye akanyoosha kidole, akamgusa dada yake kifuani.

Kalunde aliangalia kile kidole, akaangalia watu wote mle ndani. Mikono yake ikauliza jambo fupi.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

Nyamizi alikuwa analia. Nikamsubiri mpaka aliposema. "Mheshimiwa," nikafasiri, "shahidi anauliza yeye amekosa nini."

Hakimu akashika tena kalamu. "Mwambieni hajakosa. Kisha mumwulize yeye mwenyewe: neno hilo kwake ni tusi?"

Safari hii Nyamizi alichukua muda kumweleza. Kalunde alijibu bila haraka, mikono juu ili kila mtu aone, na mimi nikayasema maneno yake kama nilivyozoea kusema ya wengine wote.

"Anasema ni tusi tangu akiwa mtoto. Anasema Katibu ameitwa hivyo mara moja, mkakaa kikao. Yeye anaitwa kila siku. Anauliza kikao chake ni lini."

Sauti yangu haikutetemeka. Miaka ilikuwa imenifundisha. Lakini niliona Mama Esta ameinamisha uso.

"Shahidi hujibu maswali, haulizi," hakimu akasema, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo. Hata hivyo nilimwona akiandika lile swali lote, mpaka mwisho.

Ushahidi wenyewe haukuchukua muda. Kalunde alisimama katikati ya chumba, akawa Katibu: akatua kalamu, akazunguka meza, akachapa kofi hewani. Akahama hatua moja, akawa Maganga: akashika shavu, akamshika mwenzake shati, wakaanguka. Katibu akamtaka arudie, akitarajia atapotea. Akarudia vilevile, hata mkono uliotumika, wa kushoto. Katibu alikuwa mtu wa shoto.

Hakimu alituingiza ofisini, mimi na washauri. Mzee Idd alisema hilo la kofi limekwisha, lakini la neno watu wanalikuza. "Mke wangu ananiita kiziwi kila nikichelewa kuitikia," alisema. "Ni maneno ya midomoni tu. Tukianza kuyapima, nani atabaki nje ya gereza?"

"Mke wako akikuita hivyo, baada ya dakika unasikia," Mama Esta akamjibu. "Yule binti hasikii hata kesho."

"Basi kila neno tulifute?"

"Sijasema tufute. Nasema tuache kuigiza kwamba halimgusi mtu."

Hukumu ilimwachia Maganga kwa shambulio. Kwa lugha ya matusi alitiwa hatiani, akapewa onyo. Hakimu alisema Maganga alitumia neno lile kudhalilisha, na kwamba aliyedhalilishwa hakuwa Katibu peke yake. Mahakama haiwezi kuhukumu tusi ambalo halikushtakiwa, lakini ndani ya chumba kile kila mtu ataitwa kwa jina lake. Nyamizi alimfasiria dada yake yote. Kalunde aliuliza kama sasa anaweza kwenda, maana majani yalikuwa yanamsubiri.

Mzee Maganga alimpelekea Kalunde kuku na kumwomba radhi, mkewe akiwa shahidi. Ghalani, niliambiwa, walianza kumwita Kalunde mbele ya Katibu, na jina la zamani wakalirudia Katibu akiondoka. Baadhi walizoea jina jipya, wengine hawakuzoea. Sikutegemea zaidi ya hapo.

Nilimaliza kazi mjini Tabora, katika mahakama kubwa zaidi, chini ya Hakimu Mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakimu wengine. Nikiwa huko nilikutana na Kalunde na mdogo wake sokoni, wamekuja kununua vitenge. Jambo moja lilikuwa limenisumbua kwa muda mrefu. Nikamwomba Nyamizi amwulize anapenda kuitwa nani, maana sasa tulikuwa tunaambiwa maofisini tuseme "mtu mwenye uziwi" na mengine marefu.

Kalunde alicheka. "Anasema kiziwi ni sawa," Nyamizi akanifasiria. "Masikio hayasikii, huo ni ukweli. Lakini bubu ni uongo, kwa sababu yeye anasema kutwa nzima. Anasema muulize mume wake."

Sasa nimestaafu, nimerudi Isevya. Vijana hunijia wakitaka niwaambie neno lipi baya na lipi zuri, kwa kuwa nilifanya kazi na matusi maisha yangu yote. Sina orodha ya kuwapa. Yule mwashi wa Kigwa aliumizwa na neno lililomo kwenye sheria, na Kalunde alilikubali neno ambalo ofisi zilitaka kumlinda dhidi yake. Ninachowaambia ni kwamba wenye majina hayo wapo, na wana majibu.

Jirani yangu, Mwalimu Sudi, haoni. Alifundisha historia miaka mingi, na jioni hukaa barazani kwake jirani na kibanda ambamo vijana huangalia mpira. Juzi, nikiwa nimeketi naye, refa alikataa penalti. Kibanda kizima kikapiga kelele: "Kipofu! Kipofu huyo!"

"Naam!" Mwalimu Sudi akaitika kutoka barazani.

Kijana mmoja akatoka, kashika kofia mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Samahani, hatukukusudia wewe."

"Marahaba. Najua hamkunikusudia. Lakini mmeniita kwa sauti kubwa, nikadhani kuna shida." Akasogeza miguu kumpisha. "Mimi sijakereka, bwana. Linalonikera ni wanaonishika mkono wakasema 'maskini'. Haya, penalti ilikuwa ya nani?"

Yule kijana akamweleza mchezo wote, kisha akarudi ndani. Haikupita muda refa akaboronga tena. Tukasikia kelele zinaanza, zikakata, wakawa wanatafuta la kusema. "Refa... refa huyu..." Mwisho mmoja akalipata: "Mwizi!"

"Mwizi! Mwizi!" wote wakapokea, kwa furaha kubwa.

Mwalimu Sudi akageukia upande wangu. "Hilo hata mimi nawaunga mkono," akasema. "Mwizi akiona ameonewa, aende mahakamani."