Saa ya Baba Niliyoifungia Sandukuni

Siku ile ya Njoro naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Simkasirikii mtu mwingine. Namkasirikia kijana mmoja mjinga mwenye viatu vya kung'aa, na kijana huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa nakaribia kuoa. Baba yangu, mkulima wa kahawa huko Mwika, alivua saa yake mkononi akanipa. Ilikuwa saa ya mashine, ya zile zisizo na betri, zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Akaniambia nishuke nayo Moshi mjini, Njoro, kwa Mzee Hamadi fundi saa, aisafishe kwanza. Mzee Hamadi alikuwa na meza barazani mwa duka la vitambaa, na watu wa mjini na wa mlimani walimwachia saa zao bila kuandikiana hata karatasi. Jina lake ndilo lililomlisha yeye na wanawe.

Aliisafisha, kisha akanieleza bila haraka.

"Hii inakula mwendo wa mkono. Ukiivua siku mbili italala, usishtuke. Ikilala, zungusha kwanza hiki kitufe cha pembeni mara ishirini, thelathini, polepole, ishibe. Halafu ndiyo ukivute upange saa. Na tarehe usiiguse mishale ikiwa huku juu karibu na saa sita. Ishushe kwanza chini, ndipo uisogeze."

Nikawa naitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku najitazama kwenye kioo cha duka. Mtu mzima ananipa maarifa ya maisha yake, mimi nanyoosha kola! Ningekuwa na uwezo wa kumzaba kibao kijana yule leo, ningemzaba.

Unatujua sisi watu wa mlimani, kitu kizuri ni cha Jumapili. Shati, viatu, hata sahani za maua hungoja Jumapili. Basi saa ya baba nikaifunga kwenye leso nikaiweka sandukuni tangu Jumatano. Jumapili asubuhi naitoa niende nayo misani, imesimama. Nikaitikisa kama chupa ya dawa. Ikatembea kidogo, ikasimama tena. Nikavuta kitufe, nikalazimisha tarehe, na mishale iko juu kule kule nilikokatazwa. Ikalia tak, tarehe ikakwama.

Jumatatu nikateremka Njoro. Hata shikamoo sikutoa. Nikasimama mbele ya wateja wake nikapaza sauti, "Mwizi wewe! Umetoa mashine ya baba yangu ukaweka mbovu!"

Mzee Hamadi aliniuliza swali moja tu. "Uliivaa?"

Nikazidi kupiga kelele. Kabla sijaondoka, mama mmoja aliokota saa ya mumewe pale mezani akaenda zake nayo, na mwanamume mmoja naye akachukua yake.

Nikampelekea baba habari nikidhani atanisifu. Akaichukua saa, akazungusha kitufe polepole, ikaanza kutembea. "Fundi alikwambia nini siku unaichukua?" Nikaanza kueleza, na maneno ya mzee yule yakanitoka yote, moja baada ya jingine. Kumbe masikio yalisikia, mimi ndiye sikutaka.

Baba akanirudishia saa mkononi. "Miaka yote nimeivaa nikihudumia migomba, haijasimama. Wewe umeifungia sandukuni, halafu unamwita mtu mwizi?" Akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale, lile ambalo kwetu mkosaji humpelekea aliyemkosea. "Nenda. Usirudi nalo."

Nilimkuta Mzee Hamadi ndani ya duka, nikamnyooshea jani. Hakulipokea.

"Mimi si Mchagga, ila nimezeekea hapa, najua maana ya jani hili. Ulinitukana nje mbele za watu, leo unanitaka radhi ndani? Toka nalo barazani."

Nikatoka. Nikasimama pale pale, jani mkononi, nikasema kwa sauti kwamba fundi hakuiba kitu, tarehe niliiharibu mwenyewe. Ndipo akalipokea, akaifungua saa na kuitengeneza. Nikadhani yameisha.

Hayakuisha, mwanangu. Waliokuwapo Jumatatu hawakuwapo siku ile. Wateja walipungua, na mwaka haukuisha meza ile ikaondolewa barazani. Miaka mingi baadaye, sokoni Mwika, mama muuza ndizi aliniona naijaza saa akanionya. "Ikiharibika usimpelekee yule fundi wa Njoro, anaiba mashine." Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyesema hivyo, na haikuwa kweli." Akacheka. "Wewe tena? Mimi nimesikia kwa watu wengi."

Ndiyo maana naudhika nikiona mnampiga fundi picha na kuirusha kwenye simu mkimwita mwizi kabla hamjamuuliza lolote. Mwenye ujuzi akikueleza, mtazame usoni. Kitu kikikugomea, jiulize kwanza wewe umekifanyia nini. Saa ya namna hii ivae kila siku, shambani na kanisani, na ikisimama ijaze kwa upole. Na neno mwizi lizuie mdomoni mpaka uwe na hakika, maana mimi nimelikimbiza maisha yangu yote kulirudisha, nimeshindwa.

Mungu akujalie mkono mpole na ulimi usio na haraka, mwanangu, na asiwepo mtu yeyote wa kukosa riziki kwa sababu yako.