Jibu la Kwanza ni Salamu

Weris ana banda la maziwa ya ngamia katika soko la Garissa, na kabla sijamwelewa nilimwonea. Naanza na hilo makusudi, maana nikianza na sifa zake nitaonekana nilikuwa mwema tangu mwanzo.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Asubuhi na mapema madumu ya maziwa humfikia kutoka maboma ya nje ya mji, kila dumu limefukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike haraka. Weris huonja kila moja kabla ya kulipokea. La mfugaji mmoja aitwaye Farah hulionja kwa namna yake: humimina kidogo kwenye kifuniko, hunywa, kisha hufumba macho. Nilizoea kumtania kwamba anatafuta maji ya mto Tana mle ndani. Naye alizoea kucheka na kunipa kikombe changu, ninywe niende kazini.

Mimi ni Zilpah, mtu wa Vihiga. Nimesomea saikolojia, na wakati huo nilikuwa msimamizi wa utafiti. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, na familia nyingi zilikuwa zimehamia pembezoni mwa mji, kwenye zile bula mpya, kama mitaa inavyoitwa huku. Tulitaka kujua watu hao wanayamudu vipi maisha yao mapya. Hojaji ilikuwa na maswali kumi. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi? Umekosa hamu ya kula? Umejiona huna mtu wa kumweleza yanayokusumbua? Kila jibu lilikuwa na alama, kuanzia sifuri, yaani hapana kabisa, hadi tatu, yaani kila siku. Mwanamke aliyefikisha alama kumi na tano angeingia kwenye kikundi cha kukutana na mshauri mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita. Nafasi zilikuwa ishirini na tano. Majina yasipopatikana, mshauri angepelekwa mji mwingine.

Niliajiri wahojaji wanane. Weris nilimchukua kwa sababu anazungumza Kisomali, Kiborana na Kiswahili, na alasiri banda lake huwa halina wateja. Siku ya mafunzo nilimhoji mbele ya wenzake ili wajifunze. Maswali kumi, dakika sita, sifuri kumi. Fomu ile ilijazwa safi sana, nikaibandika ukutani ofisini iwe mfano.

Baada ya wiki tatu nilikuwa na fomu mia mbili mezani, karibu zote sifuri tupu. Kwa mujibu wa makaratasi yangu, watu waliopoteza kila kitu walikuwa na raha kuliko ndugu zangu wote wa Vihiga. Fomu za Weris peke yake ndizo zilikuwa tofauti. Kila swali lilikuwa na majibu mawili: sifuri iliyozungushiwa duara, na pembeni, kwa kalamu, mbili au tatu. Damu ilinichemka. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba anapika takwimu ili awaingize majirani zake kwenye kikundi.

"Weris, hii ni nini?"

"Hiyo ya kwanza ni salamu, Madam. Hii ya pembeni ndiyo jibu."

"Fomu inataka jibu moja."

"Basi chukua ya pembeni."

Nilimwambia kesho yake tungekwenda pamoja kwenye nyumba moja, na ningeichagua mimi. Majibu yasipolingana na yale ya pembeni, hiyo ingekuwa siku yake ya mwisho kazini, na fomu zake zote ningezitupa. Ilikuwa Ijumaa. Orodha ya majina ilitakiwa Alhamisi iliyofuata.

Katika fomu za Weris nilimchagua Tiya, mama wa watoto watatu aliyetoka upande wa Wajir na aliyezungumza Kiborana tu. Kibanda chake kilikuwa cha fito na turubai, kimeegemea uzio wa mabati wa jirani. Alitutandikia mkeka. Weris akamsalimu, naye akajibu neno lile lile kila mara: nagaa, yaani amani. Watoto? Amani. Mume? Amani. Mifugo? Amani. Nikajiuliza mifugo gani, maana kwenye fomu alisema hakubaki na hata mbuzi mmoja.

Nikasoma maswali, Weris akatafsiri neno kwa neno. Tiya alijibu kwa upole, akitazama mikono yake. Hapana. Hapana, alhamdulillahi. Dakika sita, sifuri kumi. Nikafunga kalamu, nikasimama, nikakung'uta sketi. Nikamtazama Weris kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemkamata akiibia mtihani.

"Umeona?"

Weris hakusogea pale mkekani.

"Madam, kaa chini. Huyu bado hajajibu."

"Amejibu maswali kumi."

"Amesema amani. Hapa kwetu hata kama mtu amezika baba yake leo, kwanza nasema amani. Hiyo ni adabu. Habari nakuja nyuma, kama wewe iko hapo bado. Sasa wewe nasimama. Yeye najua hutaki habari."

Nilikaa, lakini kwa hasira, si kwa utii. Nilitaka amalize porojo zake nimfukuze kazi vizuri. Tiya alipoona tumekaa tena, aliinuka akapuliza moto na kuteleka birika. Chai ya rangi ikaja, yenye iliki na sukari nyingi mno. Weris akapuliza kikombe chake, Tiya chake. Mimi kunyamaza kwa watu kumenishinda tangu utoto. Nilitazama saa mara nne. Vikombe vilipofika nusu, Weris aliuliza swali moja fupi, ambalo halikuwa kwenye hojaji yangu. Baadaye aliniambia maana yake: haya, tupe habari.

Tiya alisema akiwa ameangalia birika. Weris alinitafsiria kwa Kiswahili chake, nami nayaweka hapa kwa changu, kwa ruhusa ya mwenyewe.

"Nilikuwa na mbuzi arobaini na watatu. Kila alfajiri naamka kuwafungulia. Nanyosha mkono niondoe miiba ya boma, nagusa mabati ya jirani. Hapo ndipo nakumbuka. Sasa mtoto wangu mkubwa analala ameshika nguo yangu, nisitoke. Mume wangu yuko Elwak anatafuta kazi. Akipiga simu namwambia ni amani. Wa kumwambia mengine sina, ila huyu anayekuja na makaratasi."

Nilisema pole. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima mwenye shahada. Kisha nikaomba nimuulize tena maswali yale kumi. Safari hii tulichukua karibu saa nzima, na jumla ikawa ishirini na tatu. Nikaitoa ile fomu ya Weris mkobani. Pembeni alikuwa ameandika ishirini na tatu.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi nilikuwa nimetuma watu wabishe hodi kwenye milango mia mbili, wahesabu milango, wageuke. Nilimpigia simu mkubwa wangu Nairobi nikaomba wiki mbili. Alisema Alhamisi ni Alhamisi. Jioni ile nikawaita wahojaji wote wanane, na mbele yao nikamwomba Weris msamaha. Kisha nikawapa sharti moja jipya: mhojaji asisimame mpaka chai iishe. Sikuwaeleza sababu, na sikuhitaji. Walitazamana kama watu waliokuwa wakingoja niseme hivyo tangu siku ya kwanza.

Tulizunguka siku nne. Sijawahi kunywa chai nyingi kiasi kile maishani. Hatukuzifikia nyumba zote, lakini hadi Jumatano jioni tulikuwa na majina thelathini na moja ya nafasi ishirini na tano. Sita nilioacha nje nawakumbuka hata leo. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Tiya, na mshauri akabaki Garissa.

Alhamisi, baada ya kutuma majina, nilianza kubandua makaratasi ukutani. Nikaikuta ile fomu ya mfano. Jina, Weris. Sifuri kumi. Mwandiko, wangu. Dakika sita.

Kesho yake nilifika sokoni mapema.

"Habari yako, Weris?"

"Fizuri, Madam. Amani tu."

Akanipa kikombe. Miaka mitatu nilikuwa nimekinywa nikiwa nimesimama, nikarudisha, nikaenda zangu. Safari hii nilivuta dumu tupu nikalikalia. Aliwahudumia wateja wawili, akanitazama. Akapanga vikombe, akanitazama tena. Kikombe changu kilikuwa kimeisha zamani, na kazini nilikuwa nimechelewa.

Dumu la Farah lilikuwa limeshafika. Alilivuta, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa, akafumba macho. Sikumtania.

"Hawa walikuwa wangu," akasema, macho bado amefumba. "Ngamia kumi na mbili. Farah alinunua wakati ya ukame. Kila asubuhi naonja, najua kama wamekula fizuri."

Akafunga dumu, akavuta kigoda, akakaa karibu nami.