Udongo wa Mama Nakato
Wiki jana nilitoka Kisugu kwenda kupima shamba la Mama Nakato, mjane anayelima nje kidogo ya Kampala. Kifaa changu hupima jinsi udongo unavyopitisha umeme, na kila nilipopita namba zilipanda mno, dalili ya chumvi. Nikajifanya mtaalamu: "Nyabo, udongo umejaa chumvi. Migomba haitaishi hapa." Mama aliketi chini akalia, hana shamba jingine.

Binti yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alinitazama miguuni. "Ssebo, hebu vua hivyo viatu."

Nikavua, nikavitupa mbali. Namba zikashuka papo hapo. Viatu vyangu vya kazi vina chuma mbele, na nilifundishwa kabisa kwamba chuma hudanganya kifaa.

Mama alifuta machozi, akaniuliza taratibu, "Na mashamba mengine uliyoyapima?"