Manjano Chini ya Mdomo wa Shangazi

Naosha chupa kwenye maabara moja pale Westlands. Mle ndani watafiti hukamua mimea, wakatoa kiini chake, halafu wakakidondosha kwenye seli za saratani ya mdomo zinazofugwa kwenye visahani, waone kama zitapunguza mwendo. Manjano, hii ya kupikia, huzipunguza kweli. Shule niliachia darasa la nane, lakini chupa za manjano nazisugua kwa heshima, maana nimeshajiona kwenye habari za saa moja nikiwa na koti jeupe, nikishukuru walionilea.

Aliyenilea ni shangazi, kule Waithaka. Ni sauti ya kwanza kwenye kwaya, na alikuwa mtu wa ugoro. Kanisa letu halitaki tumbaku, na ukinusa ugoro utapiga chafya mbele ya mchungaji. Kwa hivyo yeye aliubana chini ya mdomo, kwenye fizi, akaimba nao miaka yote. Pale pale pakatoka kidonda kikakataa kupona.

Daktari wa meno akataka kukata kipande kidogo kipimwe, ijulikane kama ni saratani kabla haijashuka shingoni. Shangazi akasema atafikiria. Alichofikiria ni kwamba kazini kwangu manjano inazuia saratani. Akaacha ugoro, akaanza kubana manjano mahali pale pale, na Jumapili akaenda nayo kanisani.

Ugoro haukuwahi kumuumbua. Manjano ilimuumbua ubeti wa kwanza. Alipofungua mdomo kwa ile sauti ya juu, meno yote yalikuwa ya njano, na mwenzake wa kushoto akasahau maneno.

"Umekula nini, mama?" mchungaji akamuuliza baada ya ibada.

"Dawa ya saratani. Uliza huyu, ndiye anaitengeneza."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimeingoja siku kama hiyo, ila si hivyo.

"Mimi naosha chupa," nikasema.

"Si uliniambia inazuia?"

"Inapunguza, anti. Kwenye kisahani. Kisahani hakina shingo."

"Shingo imeingiaje?"

"Saratani ya kisahani haina pa kwenda. Yako inayo. Hata watafiti wenyewe wanasema hawajajua ikiwa kwa mtu itafanya nini. Twende ukakatwe hicho kipande."

Akajifuta mdomo. Leso ikawa ya njano. Akamgeukia mchungaji.

"Na wakikata zaidi, baba, nitaimba na nini?"

Kumbe ndilo hilo. Mimi nilidhani anaogopa kisu.

"Kuna sauti ya pili," mchungaji akasema. "Nayo ni huduma."

"Sauti ya pili ni ya watu waliochoka," shangazi akamjibu, na kesho yake alfajiri akaniamsha yeye, amevaa kitambaa cha kwaya, twende hospitali.

Ilikuwa saratani. Haikuwa imeshuka. Walikata ugonjwa wote na fizi kiasi, na siku hizi akiimba "sifa" kuna kaupepo kanatoroka hapo mbele. Bado ni sauti ya kwanza. Mchungaji hajaitaja tena sauti ya pili.

Manjano imerudi kwenye sufuria ya maharagwe. Koti jeupe sijapata. Lakini nikifika kwenye chupa iliyoshika ile rangi, huwa naisugua taratibu na kuiambia, wengine wasisikie, ijitahidi, watu wanangoja.